Uloto, damu ya mishipani au damu ya kitovu: seli za kumpandikiza mtoto mwenye sikoseli zichukuliwe wapi?

Familia ikishaambiwa kwamba mtoto wao mwenye sikoseli anaweza kupandikizwa, swali la kwanza huwa ni nani atachangia. Ndugu wanahesabiwa, wanapelekwa kupimwa, majibu yanasubiriwa kwa roho juu. Swali la pili huulizwa na wachache: hizo seli zitachukuliwa sehemu gani ya mwili wa mchangiaji, na maabara itazifanya nini kabla hazijaingia kwa mtoto? Mzazi anapaswa kulijua swali hili, kwa sababu seli za mchangiaji yuleyule, zikichukuliwa kwa njia mbili tofauti, zinaweza kumpeleka mtoto kwenye njia mbili tofauti za kupona.

Nimechagua sikoseli kwa makusudi. Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikiwapandikiza watoto uloto hapahapa nchini. Familia nyingine za Afrika Mashariki bado husafiri hadi India. Popote zinapokwenda, mezani zitakuta vyanzo vilevile vitatu vya seli: uloto wa mfupa wa nyonga, damu inayozunguka mishipani, na damu iliyobaki kwenye kitovu na kondo la mtoto mchanga.

Naweka msimamo wangu wazi mapema. Mtoto mwenye sikoseli akiwa na kaka au dada aliyelingana naye kikamilifu kwa vipimo vya HLA (alama za juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho cha kigeni), seli zichukuliwe kwenye uloto wa nyonga, na anayependekeza njia nyingine aeleze kwa nini. Sababu nzuri za kwenda kwingine zipo, nami nitazitaja.

Kinachotafutwa ndani ya mfuko

Ukiona mfuko wa uloto ukining'inia kando ya kitanda cha mtoto, unaona kitu kama damu nzito. Ndani yake kuna chembe nyekundu, chembe sahani, mafuta kidogo, chembe nyeupe za kila aina, na katikati ya umati huo seli mama za damu, zile zinazoweza kuzaa damu yote upya kwa maisha yote ya mtu. Katika uloto, seli hizo na wajukuu wake wa karibu hazizidi sana 1 katika kila 100 ya seli zenye kiini. Katika damu ya kawaida ya mkononi ni adimu mno.

Zinatambuliwa kwa alama iliyo juu ya ngozi yake, inayoitwa CD34. Alama hiyo iligunduliwa na Curt Civin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na kutangazwa mwaka 1984. Tangu hapo maabara imeweza kuzihesabu, na baadaye kuzitenga na nyingine. Ndiyo maana ripoti ya upandikizaji huandika namba mbili: jumla ya seli zenye kiini, na idadi ya seli za CD34, zote zikigawanywa kwa kilo za uzito wa mgonjwa. Namba hizo mzazi anaruhusiwa kuziomba, na aziombe.

Pamoja na seli mama husafiri seli T za mchangiaji, aina ya chembe nyeupe ambazo ni askari wa kinga. Seli hizi zina kazi mbili zinazogongana. Zinasaidia upandikizi ushike, kwa kuzuia mabaki ya kinga ya mgonjwa yasiutupe nje. Lakini zikiwa nyingi, au zikiona mwili wa mgonjwa ni wa kigeni, huushambulia: ngozi, ini, utumbo, macho, mapafu. Ugonjwa huo madaktari wanauita GVHD, na ukiwa sugu unaweza kumtesa mtoto kwa miaka mingi, pengine zaidi ya sikoseli yenyewe.

Kwa mgonjwa wa saratani ya damu, GVHD kidogo inaweza hata kuwa na faida, kwa sababu seli zilezile za mchangiaji huwinda mabaki ya saratani. Mtoto wa sikoseli hana saratani ya kuwindwa. Kwake GVHD ni hasara tupu. Sehemu kubwa ya ushauri unaozagaa kuhusu upandikizaji umeandikwa kwa ajili ya watu wazima wenye saratani. Mzazi akiusoma bila kujua tofauti hii, atavutiwa na njia ya haraka ambayo haimfai mwanawe.

Uloto wa nyonga

Mchangiaji hulazwa kwa nusukaputi, kifudifudi. Daktari hupitisha sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, pande zote mbili, chini ya kiuno. Uti wa mgongo hauguswi. Hofu hiyo imezuia ndugu wengi kujitokeza, na haina msingi. Anavuta mililita chache tu kila mara, kisha anasogeza sindano. Akivuta nyingi kwa mpigo mmoja, anachopata ni damu ya kawaida iliyouzimua uloto ukawa mwepesi. Kwa hiyo mikono yenye uzoefu ina maana kubwa hapa: uloto wa wingi uleule unaweza kutoka umejaa seli au umejaa maji. Kazi nzima huchukua kama saa moja hadi mbili.

Kiasi kinachotolewa kwa kawaida hakizidi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wa mchangiaji. Shabaha ya wengi ni seli zenye kiini zipatazo milioni 300 kwa kila kilo ya mgonjwa. Hapo ndipo hesabu ya familia inapoanza, na ni vizuri kuifanya kabla ya kufika hospitali.

Chukua mgonjwa wa kilo 30 na dada yake wa kilo 18. Dada anaweza kutoa hadi mililita 360. Uloto wa watoto una seli nyingi. Tukikadiria milioni 30 kwa mililita, tunapata bilioni 10.8, yaani milioni 360 kwa kila kilo ya mgonjwa. Inatosha, na kuna akiba kidogo. Sasa geuza: mgonjwa ana kilo 45, mdogo wake ana kilo 10. Mililita 200, seli bilioni 6, na kila kilo ya mgonjwa inapata milioni 133 tu. Haitoshi kwa utulivu. Familia hii ina njia tatu: kusubiri mdogo akue, kutafuta kama damu ya kitovu cha huyo mdogo ilihifadhiwa ili iunganishwe na uloto wake, au kufikiria chanzo kingine.

Kusubiri nako kuna bei. Ripoti kubwa ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2017, iliyokusanya upandikizaji 1,000 wa wagonjwa wa sikoseli waliopewa seli za ndugu waliolingana nao kikamilifu kati ya 1986 na 2013, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Kwa walio chini ya miaka 16 ilikuwa karibu asilimia 95. Lakini kila mwaka mmoja wa umri ulioongezeka uliongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 10. Wengi wa wagonjwa hao walipewa uloto. Waliopewa damu ya mishipani walikuwa wachache, na matokeo yao yalikuwa duni. Ndiyo sababu kubwa ya msimamo niliouweka juu.

Maabara haifanyi mengi na uloto. Unachujwa vipande vya mfupa na mafuta, unahesabiwa, unapelekwa wodini. Kazi inaongezeka makundi ya damu yakitofautiana. Mgonjwa wa kundi O akipokea kutoka kwa ndugu wa kundi A, damu yake ina kingamwili dhidi ya A, hivyo chembe nyekundu za mchangiaji lazima zipunguzwe sana kabla, kwa mashine inayozungusha mfuko na kuacha tabaka la chembe nyeupe tu. Ikiwa ni kinyume, mgonjwa A na mchangiaji O, kinachoondolewa ni plazima. Kila hatua ya namna hiyo hupoteza sehemu ya seli, na ile akiba ndogo ya kwenye hesabu yetu ndiyo inayoliwa hapo. Tofauti ya kundi la damu haizuii upandikizaji. Inadai tu mchangiaji atoe kiasi cha kutosha tangu mwanzo.

Na huyo mchangiaji mdogo? Ataumwa nyonga kwa siku kadhaa, damu itapungua, atapewa madini ya chuma, na uloto wake utajirudishia ndani ya wiki chache. Hatari kubwa ni ya nusukaputi yenyewe, nayo ni ndogo ikiwa ametayarishwa vizuri. Ninachosisitiza ni awe na daktari wake mwenyewe, asiye daktari wa mgonjwa, ambaye kazi yake ni kumtetea. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri akiambiwa atachomwa nini na kwa ajili ya nani. Aelezwe, aulizwe, asiburuzwe.

Ndugu akiwa amebeba chembe ya sikoseli bila kuugua, yaani AS, bado anaweza kuchangia. Mgonjwa atabaki na damu ya AS kama ya ndugu yake, na maumivu yataisha.

Damu ya mishipani

Hapa mchangiaji hudungwa filgrastimu kila siku kwa siku nne au tano. Dawa hiyo huzifukuza seli mama kutoka kwenye uloto ziingie kwenye mzunguko wa damu. Siku ya tano huunganishwa na mashine ya afaresisi: damu inatoka mkono mmoja, inazungushwa kwa kasi, tabaka lenye seli mama linavunwa, nyingine inarudi mkono wa pili. Kazi huchukua muda wa saa nne hadi sita, bila nusukaputi, bila chumba cha upasuaji. Mtu mzima anaweza kufika asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Kwa mtu mzima, ni rahisi kuliko uloto. Kwa mtoto mambo hubadilika. Mishipa ya mkono wake haimudu kasi ya mashine, kwa hiyo huhitaji mpira mkubwa uwekwe kwenye mshipa wa shingo au paja, mara nyingi kwa dawa ya usingizi. Nusukaputi uliyodhani umeikwepa imerudi kwa mlango mwingine. Damu inayokuwa nje ya mwili wake ndani ya mipira ya mashine ni sehemu kubwa ya damu aliyo nayo, hivyo kwa mtoto wa chini ya kilo 20 hivi mashine hujazwa kwanza chembe nyekundu za mtu mwingine. Na ile dawa ya kuzuia damu isigande hushusha kalsiamu: midomo inawasha, vidole vinakufa ganzi, muuguzi lazima awe macho.

Faida yake kwa mgonjwa ni mbili. Seli zinapatikana nyingi, na chembe nyeupe hurudi mapema, kama wiki mbili badala ya tatu za uloto. Wiki moja ndani ya chumba cha kutengwa ina uzito: ni antibiotiki, chembe sahani, damu, na bili ya kila siku. Sishangai hospitali yenye vitanda vichache ikivutiwa.

Lakini mfuko huo hubeba seli T zipatazo mara kumi ya zile za uloto. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wengi wao watu wazima wenye saratani waliopewa seli za wachangiaji wasio ndugu, GVHD sugu iliwapata asilimia 53 ya waliopewa damu ya mishipani na asilimia 41 ya waliopewa uloto, na maisha hayakurefuka kwa kundi lolote. Ikiwa hata mwenye saratani hakupata faida ya wazi, mtoto wa sikoseli analipa bei hiyo kwa ajili ya nini?

Naikubali damu ya mishipani katika hali mbili. Ya kwanza ni pale mchangiaji ni mzazi, analingana na mtoto kwa nusu tu, na maabara ina uwezo wa kuziondoa seli T. Hapo wingi wa seli za afaresisi unahitajika kwa sababu kusafisha kunazipunguza. Ya pili ni pale mchangiaji hawezi kupewa nusukaputi kwa sababu ya afya yake.

Kuna onyo moja ambalo halina mjadala: filgrastimu asipewe mgonjwa wa sikoseli mwenyewe kwa ajili ya kuvuna seli zake. Wapo waliopata maumivu makali na wengine kufa. Mwenye AS anaweza kuipokea. Mwenye SS, yaani anayeugua sikoseli, hapana.

Damu ya kitovu

Oktoba 1988, katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Eliane Gluckman na timu yake walimpandikiza mvulana wa Kimarekani mwenye upungufu wa damu wa Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu uloto, kwa damu iliyokusanywa kwenye kitovu cha mdogo wake wa kike alipozaliwa. Ilishika. Kitu kilichokuwa kikitupwa pamoja na kondo kikawa dawa.

Uzuri wake ni mwingi. Mchangiaji haumii hata chembe, maana damu hukusanywa kitovu kikiwa kimeshakatwa. Seli zake T ni changa na hazina ukali, hivyo GVHD ni kidogo. Ripoti ya mwaka 2013 iliyolinganisha damu ya kitovu ya ndugu na uloto wa ndugu kwa watoto wenye talasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi) na sikoseli haikukuta hata mmoja wa kundi la kitovu aliyepata GVHD sugu ya kuenea mwilini, na uponyaji ulikaribiana na wa uloto.

Tatizo ni kiasi. Mfuko mzuri una seli kama bilioni moja, na hauwezi kuongezwa kwa kurudi kwa mchangiaji kesho. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni kama milioni 30 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 anapata milioni 100 kwa kilo, zaidi ya kinachotakiwa. Wa kilo 40 anapata 25, na hapo haifai kutumika peke yake. Tena chembe nyeupe huchelewa kurudi, mwezi mzima au zaidi, na mwezi huo wote mtoto hana kinga.

Nasisitiza neno ndugu. Damu ya kitovu ya mtoto asiye ndugu, iliyochukuliwa kwenye benki, ilijaribiwa Marekani kwa watoto wenye sikoseli na majaribio yakasimamishwa kwa sababu wengi wa wachache waliopandikizwa waliukataa upandikizi. Ukiambiwa mwanao mwenye sikoseli apewe mfuko wa aina hiyo kwa njia ya kawaida, omba maoni ya daktari mwingine.

Kuna biashara ya kuhifadhi kitovu cha mtoto kwa ajili yake mwenyewe kama bima ya baadaye. Kwa sikoseli haina maana: seli zake mwenyewe zina ugonjwa uleule aliozaliwa nao. Kitovu chenye thamani ni cha mtoto anayezaliwa sasa katika nyumba ambayo tayari ina mgonjwa. Mama mjamzito wa nyumba hiyo aseme mapema kliniki, ili ipangwe nani atakusanya, nitrojeni ya kimiminika iko wapi, na mchanga apimwe sikoseli na HLA. Hata hivyo kuna mvutano wa kweli leba. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja hadi tatu, kwa sababu damu hiyo humkinga mchanga na upungufu wa damu, na kadiri inavyoingia kwa mtoto ndivyo inavyopungua kwenye mfuko. Mimi singemnyima mchanga damu yake kwa ajili ya mfuko ambao nafasi ya kulingana na mgonjwa ni 1 katika 4. Mkunga asubiri dakika yake, kisha akusanye kilichobaki. Kama hakitoshi, mtoto huyo bado atakuwa na uloto akikua.

Kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| | Uloto | Damu ya mishipani | Damu ya kitovu ya ndugu |
|---|---|---|---|
| Mzigo kwa mchangiaji mtoto | Nusukaputi, maumivu ya siku kadhaa | Sindano za siku 4 au 5, mpira mkubwa mshipani, saa nyingi za mashine | Hakuna |
| Chembe nyeupe kurudi | Wiki 3 hivi | Wiki 2 hivi | Wiki 4 au zaidi |
| GVHD sugu | Wastani | Juu | Chini |
| Kikwazo kikuu | Mchangiaji mdogo, mgonjwa mkubwa | Seli T nyingi | Seli chache |

Asipopatikana ndugu wa kulingana

Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya 1 katika 4 ya kulingana kikamilifu, na yeye mwenyewe lazima asiwe na sikoseli. Familia nyingi zinatoka maabara mikono mitupu. Lakini mzazi wa kumzaa hulingana na mtoto kwa nusu, siku zote. Kutumia seli za nusu kulikuwa karibu kifo zamani, kwa sababu ya seli T. Leo kuna njia tatu za kuzidhibiti, na hapa ndipo utenganishaji wa seli unapokuwa kazi hasa ya maabara.

Njia ya kwanza ni kuchagua zinazotakiwa. Seli zilizovunwa kwa afaresisi huchanganywa na kingamwili inayoshika alama ya CD34, nayo imebeba punje ndogo mno ya chuma. Mchanganyiko unapitishwa kwenye mrija uliowekwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Zenye CD34 zinanasa, nyingine zote zinapita na kutupwa. Sumaku ikiondolewa, zilizonasa zinaachiwa, safi kabisa. Mashine inayotumika sana kwa kazi hii ni CliniMACS ya kampuni ya Kijerumani ya Miltenyi Biotec. Seli T hupungua mara maelfu kwa maelfu na GVHD karibu inatoweka. Lakini mtoto anaingizwa seli mama peke yake, bila askari hata mmoja. Kinga yake huchukua miezi kujijenga, na virusi kama CMV na adenovirusi hutumia nafasi hiyo. Upandikizi pia hukataliwa kirahisi zaidi, ndiyo maana wataalamu wa Perugia, Italia, walianza kuongeza dozi ya seli mama hadi zaidi ya milioni 10 kwa kilo.

Njia ya pili inageuza kazi: zinanaswa mbaya tu. Kingamwili inalenga seli T za aina ya alfa-beta, zinazoleta GVHD, pamoja na seli B, aina nyingine ya chembe za kinga. Hizo zinabaki kwenye sumaku. Seli mama, seli T za aina ya gama-delta na seli za NK (chembe za kinga zinazoua seli zenye virusi) zinapita zikiwa hai na kwenda kwa mtoto, zikimlinda kwa kiasi fulani dhidi ya virusi katika wiki za mwanzo. Tübingen nchini Ujerumani na Hospitali ya Bambino Gesù mjini Roma ndizo zilizoisukuma mbele kwa watoto. Kati ya njia mbili za sumaku, hii ndiyo ninayoona inamfaa zaidi mtoto asiye na saratani.

Njia ya tatu haisafishi chochote. Mtoto anapewa uloto wa mzazi kama ulivyo, kisha siku ya tatu na ya nne anapewa dozi kubwa ya saiklofosfamidi. Seli T zilizokwisha kuamka na kuanza kuushambulia mwili wake ndizo zinazogawanyika kwa kasi, na ndizo zinazouawa. Seli mama zina kimeng'enya kinachoivunja dawa, zinasalimika. Mbinu hii ilikomaa Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Ukilinganisha gharama, tofauti ni mbingu na ardhi. Vifaa vya sumaku kwa mgonjwa mmoja hugharimu maelfu ya dola, huagizwa nje, vina tarehe ya kuharibika, na vinahitaji chumba safi na mafundi waliozoea. Saiklofosfamidi ni dawa ya zamani isiyo na hataza, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa nchi zetu, njia ya tatu ndiyo inayoweza kusimama kwa miguu yake. Lakini isisifiwe kupita kiasi: katika majaribio ya kwanza ya Baltimore kwa wagonjwa wa sikoseli, yaliyochapishwa mwaka 2012, takriban 4 katika 10 ya waliopewa seli za nusu waliukataa upandikizi. Walirudi kwenye damu yao ya zamani, hai lakini na ugonjwa wao. Tangu hapo maandalizi kabla ya upandikizaji yameimarishwa na matokeo yamekuwa bora. Bado, mzazi aulize waziwazi: wagonjwa wenu wa sikoseli wa seli za nusu ni wangapi, na wangapi wamezikataa? Jibu la wagonjwa wa saratani lisikutosheleze.

Na kama mtoto hana maumivu ya mara kwa mara, hajapata kiharusi, na dawa ya hidroksiurea inamshika vizuri, kwangu seli za nusu zinaweza kusubiri. Ndugu aliyelingana kikamilifu, hapana. Huyo atumike mapema, mtoto akiwa mdogo.

Tiba ya jeni nimeiacha pembeni kwa sababu haijafikika. Marekani iliidhinisha mbili, Casgevy na Lyfgenia, tarehe 8 Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na kuendelea, kwa bei ya dola milioni 2.2 na 3.1. Seli huvunwa kwa mgonjwa mwenyewe, kwa dawa ya pleriksafori badala ya filgrastimu kwa sababu ile niliyoonya, na mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja.

Kabla ya safari ya hospitali

Pima HLA ya watoto wote wa baba na mama mmoja hata kama upandikizaji uko mbali. Usufi wa shavuni unatosha kwa kuanzia. Andika uzito wao, makundi ya damu, na majibu yao ya sikoseli kwenye karatasi moja. Kwa karatasi hiyo daktari wa upandikizaji anaweza kukuambia kwa dakika chache kama uloto utatosha au hautatosha.

Uliza kama hospitali huhesabu CD34 yenyewe au hutuma nje, na nani huvuna uloto wa watoto. Ukiambiwa damu ya mishipani itatumika kwa ndugu mdogo aliyelingana kikamilifu, uliza kwa nini si uloto. Jibu likiwa ni kwamba mashine ipo na chumba cha upasuaji hakina nafasi, hilo si jibu la kitabibu.

Jambo moja linaanza leo, miaka kabla ya upandikizaji wowote. Mtoto wa sikoseli akihitaji kuongezewa damu, kwetu ndugu ndio hukimbilia kumtolea. Damu ya mama, baba, kaka au dada ikiingia mwilini mwake, kinga yake inaweza kujifunza kuzitambua seli zao na kuzipiga vita, na siku mmoja wao akiwa mchangiaji wa uloto upandikizi unaweza kukataliwa. Ndugu wa karibu watoe damu, ndiyo, lakini iende benki kwa wagonjwa wengine. Mwambie mhudumu wa benki ya damu hivyohivyo: mtoto huyu anatarajiwa kupandikizwa, asipewe damu ya familia yake, na kama mnayo iliyochujwa chembe nyeupe, mpeni hiyo.